Je, Tumejitaabisha Bure?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili usharikani kwetu ameniletea funguo za kabati la vitabu, akaniambia kwa upole kwamba amechoka kufundisha watoto ambao, wakishapata kipaimara, hawaonekani tena ibadani. Maneno yake ni yale yale ya mtumishi wa Bwana katika Isaya 49:4: "Nimejitaabisha bure, nimetumia nguvu zangu bure bila faida." Mungu hakumkemea mtumishi yule, nami sikuona sababu ya kumkemea mwalimu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza habari za Rabai, kituo cha wamisionari karibu na Mombasa. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosine pamoja na kichanga chao. Mringe, mtu wa kwanza kumpokea Kristo kwa mahubiri yake, alikuwa kilema, naye alifariki muda mfupi baada ya kubatizwa. Mmisionari mwenzake Johannes Rebmann alijiunga na Krapf mwaka 1846, akadumu katika kazi hiyo miaka 29, akarudi kwao Ujerumani akiwa haoni, na kundi aliloliacha lilikuwa dogo mno. Nadhani ripoti yake ingerudishwa na halmashauri zetu za leo.

Tunapenda kunukuu 1 Wakorintho 15:58, kwamba taabu yetu siyo bure katika Bwana, lakini tunairuka aya ya 14, ambamo mtume ameshataja jambo ambalo lingefanya mahubiri na imani kuwa bure, nalo ni kama Kristo hakufufuka. Hakutaja mahudhurio, wala sadaka, wala vijana waliohamia mjini wasirudi. Basi wewe unayefundisha watoto wachache chini ya mwembe, wewe unayemwombea mume asiyekanyaga kanisani, endelea, kwa maana Kristo amefufuka, na hukumu ya kazi yako haimo mikononi mwa wanaohesabu vichwa.

Nasi wazee wa kanisa tuna deni. Kila robo mwaka tunadai takwimu kwa walimu hawa, ilhali chaki wanazinunua kwa fedha zao wenyewe na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuketi darasani mwao. Kikao kijacho kianze na jambo hilo, kabla ya kusomwa hesabu za sadaka.