Jinsi Nilivyomsimulia Mjomba Mchezo wa Upanga kutoka Paris

Mjomba wangu anaishi Lamu, na kwa miaka kadhaa sasa ugonjwa wa mtoto wa jicho umemfifishia macho, hata televisheni kwake imekuwa kama redio yenye mwanga. Aliposikia kwamba nimepata tiketi ya siku ya kwanza ya mchezo wa upanga katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, yaani Jumamosi tarehe 27 Julai 2024, aliniomba nimsimulie mapambano kwa kumtumia sauti kwenye simu, tena kwa Kiswahili kamili, "si hicho cha nusu kwa nusu mnachotuletea mkija likizo." Hamu yake ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ujanani alisifika kwa kirumbizi, ule mchezo wetu wa fimbo ambamo wanaume wawili huingia katikati ya duara, ngoma zikilia, na kila mmoja akatafuta nafasi ya kumfikia mwenzake. Ya pili ni kwamba siku hiyo angeingia ulingoni Alexandra Ndolo, mwanamke aliyezaliwa Ujerumani kwa baba Mkenya na mama Mpolandi, ambaye alitwaa medali ya fedha ya ubingwa wa dunia mjini Cairo mwaka 2022 akiichezea Ujerumani, kisha akahamia upande wa Kenya na kuwa Mkenya wa kwanza kushiriki mchezo huu katika Olimpiki.

Nilikubali upesi, nikajuta upesi vilevile, kwa kuwa nilipojaribu kusimulia pambano la zamani nililolitazama kwenye intaneti, niliishiwa na maneno kabla ya nusu dakika. Basi nikanunua daftari dogo na kuanza kuyakusanya. Kukinga na kujibu yalikuwapo tayari, na hadaa ya kumfanya mpinzani akinge mahali pasipo na hatari niliiita chenga, kwa kuwa kila aliyewahi kutazama mpira anajua chenga ni nini. Njia nyembamba ya mita 14 wanayochezea niliiita ulingo, ingawa haina kamba wala pembe. Kazi ilikuwa kwenye silaha zenyewe, kwani ziko tatu na kila moja ina sheria zake. Ile inayokata kwa makali niliiita kitara bila kusita, maana asili yake ni upanga wa wapanda farasi. Nyingine mbili niliziacha na majina yake, foili na epe, kwa sababu kuziita zote upanga kungemchanganya Mjomba kuliko kumsaidia.

Ndolo anacheza epe, na nashukuru kwamba nilianza na hiyo, kwa kuwa ndiyo nyepesi kueleweka. Mwili mzima ni shabaha, kuanzia kidole cha mguu hadi kinyago cha waya. Kinachohesabiwa ni ncha peke yake, ambayo ina kitufe chenye springi kinachohitaji kusukumwa kwa uzito wa gramu 750 ndipo taa ya aliyegusa iwake, nyekundu au ya kijani. Wote wawili wakigusana karibu kwa wakati mmoja, kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, taa zote mbili huwaka na kila mmoja hupata alama yake. Anayetangulia kufikisha miguso 15 ndiye mshindi, au anayeongoza baada ya vipindi vitatu vya dakika tatu tatu. Nilimtumia Mjomba maelezo haya siku moja kabla, akanijibu kwamba mchezo ambao wote wawili wanaweza kupata kwa pigo moja ni mchezo wa watu wenye subira.

Asubuhi ya Jumamosi Paris ilikuwa bado inanyeshewa na mvua iliyoharibu mavazi ya sherehe ya ufunguzi usiku wa jana yake. Mashindano yalifanyika Grand Palais, jumba lililojengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1900, lenye paa la vioo na chuma lililo juu mno kiasi kwamba unapoingia unasahau kilichokuleta na kuanza kutazama juu. Mimi mwenyewe nilipoteza dakika kumi za kwanza nikimweleza Mjomba paa. Akaniandikia kwa msaada wa mjukuu wake: "Paa halina upanga. Endelea."

Hapo ndipo nilipogundua kosa la maandalizi yangu yote. Nilikuwa nimejizoeza kwa kutazama skrini, ambapo kamera humchagulia mtu cha kuona, lakini katika raundi za mwanzo mapambano kadhaa huchezwa kwa wakati mmoja katika nyingo zilizo karibu. Ukumbi hulipuka kwa shangwe kila Mfaransa anapogusa, na wewe uliyekodolea macho ulingo mwingine unadhani umepitwa na jambo. Rekodi zangu tatu za kwanza zilikuwa fujo tupu. Baadaye nikaamua mambo mawili: kuchagua ulingo mmoja tu na kuushikilia hata watu wapige kelele namna gani, na kuacha kabisa kufuata ncha ya upanga, maana jicho lisilozoea haliwezi. Nilifuata miguu. Mchezaji wa epe huyumba mbele na nyuma kwa hatua fupi fupi, na mara nyingi mguu wa nyuma ndio unaotoa siri, kwa kuwa hujikaza muda mfupi kabla ya shambulio. Nikawa nasema, "Anakuja, anakuja, amerudi, ametupa mguu," kisha natazama taa na kutaja rangi. Mjomba alisema sasa anaona.

Kisha akaingia Ndolo, akikabiliana na Olena Kryvytska wa Ukraine. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi, nikataja majina yote mawili vizuri, nikasema wamejiweka tayari. Pambano lilibanana mwanzo hadi mwisho, na kumbe baada ya sentensi ile ya kwanza sikutamka neno lingine lolote. Nilikuja kutambua wakati wachezaji walipokuwa wakipeana mikono na Ndolo ametolewa katika pambano lake la kwanza. Nilichomtumia mzee wa watu ni dakika nyingi za kelele za ukumbi, na katikati yake sauti yangu ikisema "Lo!" mara mbili. Niliomba radhi na kumsimulia upya kwa kumbukumbu, lakini simulizi ya kumbukumbu haina mwendo ule, na aliniambia hivyo bila kunionea haya.

Tiketi yangu ilikuwa ya mchana, hivyo fainali nilizitazama nyumbani kwenye televisheni, simu ikiwa wazi muda wote. Katika epe ya wanawake, Mfaransa Auriane Mallo-Breton alimwacha Vivian Kong wa Hong Kong kwa miguso 7 kwa 1, nami nikamwambia Mjomba kwamba imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kong alirudi mguso mmoja mmoja hadi wakawa 12 kwa 12, ikaongezwa dakika moja ambayo mguso wa kwanza humaliza kazi, akaupata yeye.

Fainali ya kitara ya wanaume ndiyo iliyotugombanisha. Fares Ferjani wa Tunisia, ambaye sote wawili tulimtaka, alicheza na Oh Sang-uk wa Korea Kusini na kushindwa kwa 15 kwa 11. Mara kwa mara taa zote mbili ziliwaka, lakini mwamuzi alimpa alama mtu mmoja tu. Mjomba akaja juu: mchana nilimwambia taa mbili ni alama mbili, sasa huyu wa Tunisia anadhulumiwa? Nikaanza kueleza kwamba katika kitara na foili anayeanzisha shambulio ana haki ya kutangulia, na kwamba mwenzake hana budi kulikinga kwanza, na akishalikinga haki humhamia yeye ajibu, na kwamba zikiwaka taa mbili mwamuzi huamua haki ilikuwa kwa nani. Ilikuwa sentensi ndefu iliyojaa neno haki, kama hukumu ya kadhi.

"Unasema zamu," Mjomba akanikatiza. "Alikuwa na zamu, mwenzake akaikinga akaichukua. Kwa nini unanizungusha?"

Nilifuta mistari minne katika daftari na kuandika neno hilo moja. Kesho yake, ilipochezwa foili ya wanawake, nilikuwa natazama nyumbani na kurekodi: anakuja, zamu ni yake, imekingwa, zamu imehama, taa. Hakuuliza tena, isipokuwa kuhusu taa nyeupe, ambayo katika foili huwaka ncha inapogusa nje ya kiwiliwili na haimpi mtu chochote.