Koo moja, magoti mawili: ninavyoigiza, kuandika na kufundisha ngoma nikiwa Mtwara

Ushauri niliopewa mara nyingi zaidi ni wa ratiba: alfajiri andika, asubuhi fundisha, jioni fanya mazoezi ya mchezo, usiku kariri. Wengine wanakuchorea kabisa, na rangi juu. Kwa Mtwara ratiba hiyo inakufa wiki ya pili. Huku kazi ya sanaa haiji kwa saa, inakuja kwa msimu, na mwenye kalenda ni mkorosho. Ushauri mwingine, ule wa "chagua moja uache mbili", sitaujibu. Anayeutoa huwa na mshahara.

Mwaka wangu unaanza na mvua. Januari hadi Machi watu wako shambani, njia za vijijini huko Newala na Tandahimba zinateleza, na hakuna anayeita kikundi. Hiyo ndiyo miezi ya kuandika, na naandika kama mtu anayedaiwa. Februari shule zinaanza kutafuta mwalimu wa ngoma kwa ajili ya UMITASHUMTA na UMISSETA, yale mashindano ya shule za msingi na sekondari, kwa hiyo mpaka Mei ni darasa. Aprili Mwenge wa Uhuru unawashwa na kuanza mbio zake nchini, na kuanzia hapo hadi Oktoba 14 simu ya halmashauri inaweza kulia wakati wowote: kikundi kinatakiwa, kesho kutwa, saa kumi na moja alfajiri, na tangu lini hiyo imekuwa saa ya kucheza mimi sijui. Oktoba korosho zinaingia mnadani, fedha zinawafikia wakulima, harusi zinafuatana, na mpaka Desemba ni kuigiza na kucheza tu. Muswada ambao haukuisha kabla ya Oktoba hauishi mwaka huo.

Shule zikifungwa, Juni na Desemba, watoto wanaingia jandoni na unyagoni. Darasa la watu ishirini linabaki na wanne. Usigombane na wazazi wala usipige simu kuulizia. Funga darasa, tangaza tarehe ya kurudi, nenda kafanye maonyesho. Mwanafunzi atarudi anajua hatua tatu ambazo hukumfundisha, na usimuulize amezitoa wapi.

Haya, ratiba tuiache. Katika kazi hizi tatu, kinachovunjika kwanza ni koo.

Mwalimu wa ngoma anapiga kelele kwa muda wa saa moja na nusu juu ya ngoma tatu. Saa moja na nusu usiku mtu huyohuyo anasimama kuigiza mgonjwa anayezungumza kwa sauti ya chini, na sauti ya chini inayofika kwa bibi aliyekaa nyuma kabisa ndiyo ngumu kuliko zote. Koo lililokwaruzwa linaweza bado kupiga kelele. Kusema kwa sauti ya chini ndiyo halitaki. Tangawizi na asali zinatuliza, sikatai, ila hazirudishi sauti. Kinachorudisha ni kimya na maji. Na kimya maana yake kimya, si kunong'ona, kwa sababu kunong'ona nako kunalichosha koo.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa filimbi, kwa sababu viongozi wa ngoma wanaitumia na niliona watu wazima hawawezi kukosea. Wanaitumia, ndiyo, kwa ngoma ambayo wachezaji wanaijua tayari. Darasani filimbi haisemi chochote. Ukipuliza, wote wanasimama na kukutazama, kisha inabidi uiteme useme ulichotaka, na ngoma bado zinalia, kwa hiyo unapiga kelele vilevile, safari hii ukiwa na mdomo mkavu. Wavulana wa mstari wa nyuma wakaanza kunyoosha mkono wa kuotea. Mmoja alinionyesha kadi, kipande cha boksi la sabuni. Filimbi ikarudi kwenye begi.

Kipaza sauti cha mkononi nacho kinakula betri, na mtu akikizoea hatazami tena mwili wako.

Kilichofanya kazi ni kumpa mpiga ngoma maneno yangu. Alama ni tatu tu. Vijiti viwili vikavu kwenye ubao wa ngoma, ubavuni, bila kugusa ngozi: simama ulipo, mguu ulipo. Ngoma kubwa ikipiga kishindo kimoja na kunyamaza: rudi mwanzo wa hatua hii. Ngoma ndogo ikibaki inalia peke yake: mstari wa mbele upite nyuma. Wanafunzi wanazishika kwa vipindi vitatu. Niliongeza ya nne, ya kugeuka, na mpigaji mwenyewe akaisahau. Kwa hiyo usizidishe tatu. Mimi na mpigaji tunaelewana kwa mkono: kiganja wazi, ngumi, kidole kimoja. Kusahihisha kunafanyika ngoma zikiwa zimenyamaza, sekunde ishirini, kwa sauti ya kawaida, nikiwa katikati ya duara. Ukisimama mbele, wa nyuma hawakusikii, na hapo kelele inaanza upya.

Hesabu ya moja mpaka nane niliiacha pia. Mwanafunzi anayehesabu anasikiliza namba, na ngoma inampita. Mwimbie mlio wa ngoma yenyewe kwa mdomo, mara mbili, halafu nyamaza.

Faida nyingine ya zile alama tatu sikuitarajia. Wachezaji walewale ndio waigizaji wangu, na maonyesho yetu mengi ni uwanjani, hayana taa za kuzima wala pazia la kufunga. Vijiti viwili ubavuni mwa ngoma vinakata tukio kama kisu. Watazamaji wanadhani ni sehemu ya muziki. Mpiga ngoma ndiye msimamizi wangu wa jukwaa, na simlipi mara mbili, ila namlipa kabla yangu. Fundisha wapigaji wawili, maana siku mmoja akipata homa, koo lako linarudi kazini.

Ngoma zenyewe zinataka moto. Ngozi ya mbuzi ikipata unyevu wa bahari inalegea, na sauti inakuwa kama ya debe lililofunikwa nguo. Unawasha makuti makavu au majani, unaigeuza ngoma uso ukielekea mwali, mbali kiasi cha urefu wa mkono, ukizungusha na kugonga kwa kidole mpaka ilie. Ukikaribisha mno, ngozi inapasuka pale kwenye vigingi, na huo ni mwisho wa jioni. Kwa ngoma tatu ni dakika kumi na tano hivi, na jirani na bahari inabidi urudie kabla ya nusu ya pili. Hizo dakika ndizo zangu za kukariri. Mikono ina kazi, macho yako kwenye moto, hakuna anayemsogelea mtu anayepasha ngoma. Nakariri mistari ya mwisho kwanza, nikirudi nyuma, kwa sababu watu wote hujua mwanzo.

Magoti nitayasema kwa ufupi. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, inachezwa magoti yamekunjwa, kiwiliwili kimeinama mbele kidogo, mzunguko uko kiunoni. Mwanafunzi mgeni anazungusha goti, na goti halikuumbwa kuzunguka. Goti lielekee vidole vinakoelekea, nyayo zikae chini, na kabla ya kuongeza mwendo hakikisha anaweza kuzungusha kiuno huku mwenzake aliyepiga magoti mbele yake akiwa amemshika miguu ili goti lisizunguke. Wanacheka, lakini wanaelewa. Sakafu ya saruji kataa, hata kama ni ya ukumbi mzuri wenye feni. Mchanga wa ufukweni Shangani nao ni laini mno, unachosha misuli ya nyuma ya mguu. Udongo ulioshindiliwa, ukafagiwa na kunyunyiziwa maji, ndio bora, na ni bure. Msewe, zile njuga za miguuni, wafunge robo saa ya mwisho tu. Wakiuvaa mapema wanapiga miguu ili ulie, na kesho yake hawatembei.

Wazazi watakuja na suala la viuno. Mwite mzazi akae aone kipindi kizima badala ya kubishana naye mlangoni. Kwa mchezo wa jukwaani wachezaji wanapangwa mistari wakimtazama mtazamaji, tofauti na duara la kijijini, na mpangilio peke yake unabadilisha anachokiona. Mapiko, vinyago vya ngoma ya Wamakonde, ni habari nyingine. Siyafundishi shuleni na siandiki nani huyavaa wala huvaliwaje. Ukitaka lipiko litokee kwenye mchezo, nenda kwa wazee wenye ngoma hiyo, na chai mkononi, na wakisema hapana ni hapana.

Kuandika sasa. Naandika nikijua nitakayeigiza ndiye mimi, na nitakayefundisha hatua ndiye mimi, kwa hiyo mwandishi anawahurumia hao wawili. Ukurasa wa mazungumzo kwa mkono wangu ni kama dakika moja, uwanjani dakika moja na nusu, kwa sababu watazamaji wa huku hujibu. Ukimuuliza mwenzako jukwaani "nimpe au nisimpe?", mama aliye mstari wa pili atakuambia. Acha nafasi ya jibu lake. Kurasa ishirini zinatosha mchezo wa nusu saa, bila kuhesabu hatua mbili za ngoma ndani. Waigizaji watano, nafasi tisa. Kati ya mtu kutoka kama mwenyekiti wa kijiji na kurudi kama mchezaji weka dakika nne nzima: msewe una kamba, na kamba zikifungwa kwa haraka zinafunguka mbele za watu. Ngoma iingie pale maneno yanaposhindwa, mfano ugomvi wa kugawana fedha za korosho. Ukiichomeka ili watu wapumzike, wataondoka kwenda kununua karanga.

Ujanja ninaojivunia bila aibu: ninajipa nafasi ya mjomba anayetoka Masasi. Anatajwa tangu tukio la kwanza, anasubiriwa, anasemwa vibaya, na anaingia tukio la nne. Wakati huo mimi niko pembeni namwangalia mpiga ngoma, namfunga mtoto msewe, nazungumza na mtendaji aliyeuliza barua ya kibali iko wapi. Na basi likichelewa kweli, mchezo unaanza bila mimi. Waigizaji wangu wameshagundua. Michezo sita, wajomba sita.

Siku moja ya kuigiza mbele ya kamera Dar ni siku tatu za Mtwara: kwenda, kupiga picha, kurudi, zaidi ya kilomita mia tano kila upande. Piga bei ya siku tatu au usiende. Kabla ya kukubali uliza mambo mawili, tarehe za akiba na nywele. Tarehe za akiba kwa sababu wakichelewa wanakushika wewe, na darasa lako halina tarehe za akiba. Nywele kwa sababu ukinyoa kati ya siku ya kwanza na ya pili umewaharibia mwendelezo, na hutaitwa tena. Basi lenyewe ni ofisi. Mkono hauandiki barabarani, kwa hiyo narekodi mazungumzo kwenye simu kwa sauti mbili tofauti, dirishani, na aliyekaa jirani kwa kawaida huhama kabla ya Lindi.

Kuhusu fedha: nusu mkononi kabla ya kupakia ngoma, nyingine kabla ya hatua ya mwisho, nauli na chakula nje ya hesabu. Kazi ya harusi iandike kwenye ujumbe wa simu, tarehe, saa, idadi ya watu, nani analipa, kisha aijibu "sawa" yeye mwenyewe, si shemeji yake. Nililipwa mara moja kwa korosho ghafi, gunia na kitu hivi, nikalibeba kwenye bajaji pamoja na ngoma mbili. Mashati ya mchezo yalinuka mafuta ya korosho mpaka Februari. Muswada hakimiliki yake ni yako tangu ulipouandika, haisubiri usajili; lakini usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unasaidia siku ukikutana na mjomba wako kwenye mchezo wa watu wengine.

Wangu nimeshakutana naye, huko Ruangwa. Walimpa fimbo na kofia, na aliingia tukio la pili, mapema mno.