Kasha la Bibi na Kompyuta ya Maji

Mwaka 2012 kazi yangu ilikuwa kuchora nyumba za mji wa kale wa Lamu kwa kompyuta, chumba kwa chumba, kuanzia daka, yaani kibaraza cha mlangoni, hadi ndani, ili wenye nyumba waliotaka kuzikarabati waone zitakavyokuwa kabla ya fundi kugusa ukuta. Picha moja ya ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya plasta, kwa jinsi mwanga unavyogonga kila pembe ya plasta na kurudi, ilikuwa ikiishughulisha prosesa, kile kipande kinachopiga hesabu zote za kompyuta, usiku kucha. Kompyuta niliyokuwa nayo ilikaa ndani ya sanduku la bati ambalo hewa ya chumvi ilikuwa imeshaanza kulila kingo, na feni zake zilivuma kiasi kwamba waliolala chumba cha pili walizisikia. Ndipo nikaazimia kuunda nyingine, inayopozwa kwa maji, na kuiweka ndani ya kasha la bibi.

Kasha lile ni la mvule, urefu wake futi nne, lina misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi usoni, na chini kabisa lina droo tatu. Ndani yake, upande wa kushoto, mna kisanduku chembamba chenye kifuniko ambamo bibi alikuwa akiweka udi na mikufu yake. Nilipomweleza mama nia yangu hakukataa, lakini alitoa sharti ambalo ndilo lililounda mpango mzima.

“Mwanangu, weka unachotaka kuweka, lakini usilitoboe. Siku nitakayolitaka, nilipate kama lilivyo.”

Sehemu moja tu ndiyo aliyoniachia, nayo ni ubao wa nyuma, kwa sababu ule wa asili uliliwa na mchwa zamani na mahali pake pakawekwa plaiwudi.

Nilikaa na karatasi na penseli. Wengi hudhani kwamba maji huliua joto, ilhali maji hulihamisha tu kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, kama ile ya gari, na kutoka hapo ni hewa ile ile ya chumbani inayolipokea. Prosesa niliyoichagua, Core i7-3770K, imepimwa kwa wati 77, na kadi ya michoro, GTX 670, kwa wati 170. Jumla ni karibu wati 250. Mkondo wa maji wa lita nne kwa dakika unaweza kubeba joto hilo lote huku maji yenyewe yakipanda takriban nyuzi moja tu ya selsiasi, na ndiyo maana maji yanafaa. Hewa si hivyo. Kasha lina nafasi ya lita 300 hivi, na hewa ya kiasi hicho, kifuniko kikifungwa, ingepanda nyuzi moja kila baada ya sekunde moja na nusu, tukiacha kando kile kitakachofyonzwa na mbao, ambazo zenyewe hupitisha joto kwa shida sana. Ili hewa itoke ikiwa imeizidi ya chumbani kwa nyuzi 10 pekee, zinatakiwa takriban lita 20 kila sekunde. Kwa hiyo nilipaswa kujua hewa itaingilia wapi na itatokea wapi kabla ya kuchagua hata kiungio kimoja.

Mwanzo nilitaka rejeta moja ndefu ya milimita 360, ile inayobeba feni tatu kwa mstari. Haikuwezekana, kwa kuwa kati ya droo na droo pana kizuizi cha mbao, na kukikata ni kulivunja sharti. Lakini kila mdomo wa droo una kimo cha inchi sita, na rejeta ya milimita 120 haifiki hata inchi tano na nusu kwa upana wake. Nikaamua kuzitoa droo zote na kuzihifadhi, kisha kusimamisha rejeta moja ndogo ndani ya kila mdomo, tatu kwa jumla, zikiunganishwa kwa mipira inayopita nyuma, na nafasi inayobaki ubavuni izibwe kwa plaiwudi ili hewa isipate njia ya mkato. Nafasi ya kupoza ni ile ile. Viungio ni vingi zaidi, ndiyo, na kila kiungio ni mahali ambapo maji yanaweza kuvuja. Ila vyote hivyo vingekuwa chini, na mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba prosesa na kadi, ingekaa juu, katika mwili wa kasha. Tone likianguka lisingeipata.

Tangi la maji lilijipatia mahali pake katika kile kisanduku cha udi. Tangi hupaswa kuwa juu ya pampu, maana pampu ya aina ya D5 hulainishwa na maji yenyewe yanayopita ndani yake na haifai kuzunguka kavu hata kwa muda mfupi. Pampu basi ingekaa chini, nyuma ya rejeta ya kushoto, na kujaza maji kungekuwa ni kuinua kifuniko cha kasha tu.

Fundi seremala alikuja jioni moja tukakaa naye barazani. Alileta kipande cha nakshi ya kutoboa alichokuwa amekichonga, maua yenye majani yaliyobanana, akitaka kuchonga vitatu vya namna hiyo vya kuziba midomo ya droo bila msumari. Kilikuwa kizuri mno. Nilikishika mkononi nikapuliza kupitia matundu yake, nikasikia pumzi inavyorudi usoni, nikamwomba aifungue nakshi hadi angalau nusu ya ubao iwe wazi. Hakupenda, kwa sababu majani membamba huvunjika, lakini alirudi na mchoro mwingine wenye duara kubwa na mashina manene, ambao mimi mpaka leo nauona bora kuliko ule wa kwanza. Ubao wa nyuma tulikubaliana uwe na matundu upande wa juu na wa chini, na kasha lisimame mbali kidogo na ukuta, kwenye msana, chumba kirefu kinachoelekea kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Vyumba vyetu ni vyembamba, kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti za mkoko, na joto likiachiwa kule ndani halina pa kwenda.

Mama alikuwa akisikiliza. Akauliza swali ambalo fundi naye alikuwa nalo moyoni.

“Bilauri ya maji baridi hapa kwetu hutoka jasho hadi meza ikalowa. Haya maji yako yatapita ndani ya mbao. Jasho lake je?”

Nilimweleza kwamba jasho hutokea pale kitu kinapokuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka kwa kiasi cha kuufanya unyevu wake ugeuke matone. Rejeta na feni haziwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa ya chumba. Wakati wa kaskazi, hewa ikiwa nyuzi 32, maji yale yatakuwa na nyuzi 40 hivi, ya uvuguvugu. Ningetumia barafu au mashine ya friji, hofu yake ingekuwa kweli tupu, na mvule ungevimba.

Kuhusu madini sikuhitaji kumweleza fundi sana. Kila mwenye boti ya mashine hapa Lamu anakijua kile kipande cha zinki kinachofungwa kwenye injini ili kiliwe chenyewe na chuma kibaki salama. Ndivyo ilivyo aluminiamu ikikutana na shaba ndani ya maji mamoja: aluminiamu huliwa. Kwa hiyo niliziacha rejeta za aluminiamu, ingawa ni za bei nafuu, nikaandika za shaba, ili zilingane na bloku, yaani vipande vya shaba vinavyopitisha maji, zitakazokaa juu ya prosesa na kadi ya michoro. Mipira nikachagua myeusi ya raba, kwa sababu ile inayopitisha mwanga hualika mwani. Maji ya kisima, hata yale matamu ya Shela, yana madini yanayoganda katika mifereji myembamba ya bloku. Nikaandika maji safi yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, nikapigia mstari kwamba yasichanganywe na asidi inayouzwa dukani humo humo, na dawa kidogo ya kuzuia uoto. Mazabodi ingefungwa juu ya bamba la chuma lililounganishwa na waya wa ardhi, kwa kuwa mbao hazipitishi umeme.

Orodha ilipokamilika nilimsomea mama yote kabla ya kuituma kwa mjomba aliyekuwa Dubai. Akaongeza sharti la pili: maji yajaribiwe nje ya kasha kwanza. Nikamwonyesha kwamba lilikuwa limeshaandikwa. Mzunguko wote ungepangwa sakafuni juu ya karatasi kavu, pampu peke yake ikipewa umeme kwa saa 24, na kila kiungio kikaguliwe kwa kidole na kwa karatasi. Alitaka aitwe siku hiyo akague mwenyewe, nikaandika na hilo, na fundi akaenda kuung’oa ule ubao wa plaiwudi ili apate vipimo.