Nilivyotuliza moyo kwenda mbio na ganzi ya vidole

Kama moyo unakwenda mbio ghafla, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi na midomo inachonyota, soma hii. Mimi ilinikamata zaidi asubuhi kwenye daladala la kutoka Uyole kwenda Mwanjelwa: nje baridi ya Mbeya, ndani natiririka jasho.

Hospitali walipima presha, sukari, damu na umeme wa moyo. Vyote safi. (Anzeni hapo, msiruke, kifua si cha kubahatisha.) Tangawizi, maji ya baridi, kulala mapema, wapi! Kuvuta pumzi ndefu, ushauri wa kila mtu, kulizidisha ganzi.

Daktari mmoja akanifafanulia kwamba ni wasiwasi. Mwili unamwaga adrenalini (homoni ya hofu), unahema harakaharaka bila kujijua, kabonidayoksaidi, ile hewa tunayoitoa, inapungua mno kwenye damu, ndipo ganzi na kizunguzungu vinapokuja. Kumbe sikuwa nimepungukiwa hewa, nilikuwa naizidisha.

Kilichosaidia ni kutoa, si kuvuta. Navuta kidogo tu kwa pua, nahesabu hadi 4, tumbo ndilo linyanyuke, si mabega. Kisha natoa polepole, midomo nimeibana kama napuliza chai, hadi 6 au 7. Kiganja kinakaa tumboni ndani ya koti, hakuna abiria anayeona. Dakika chache vidole vinarudi.

Kahawa kabla ya kula nimeiacha pia, ingawa kwa mtu aliyekulia Mbozi, kwenye kahawa, huo ni msiba. Hali bado hunijia mara mojamoja, ila sasa nafika Mwanjelwa bila kushukia njiani.