Maziwa Yaliyojitenga

Likizo yangu ya uzazi ilipobakiza wiki mbili, nilianza kuhesabu siku kwa hofu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa wa Tanzania siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, ilhali kliniki tunaambiwa mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Hapo katikati pana miezi mitatu hivi isiyo na mwenyewe. Mama yangu alitunyonyesha sote akiwa nyumbani, na mama mkwe alikwenda shamba na mtoto mgongoni. Walinipa kila walichokuwa nacho, lakini ofisi na daladala ya alfajiri havikuwemo katika elimu yao.

Walionivusha ni akina mama wa kundi moja la WhatsApp ambalo shoga yangu aliniingiza nikiwa mjamzito. Mwanzoni nililidharau, kwa kuwa lilijaa picha za vipele na maswali ya chango. Kisha usiku mmoja, saa nane, ziwa la kushoto likawa gumu kama jiwe, nami nikaandika swali langu huku nalia. Hazikupita dakika kumi, mama mmoja wa Mwanza, ambaye hadi leo hatujaonana, akanitumia ujumbe wa sauti, akinong'ona kwa sababu mwanawe ndiyo kwanza alikuwa amelala. Alinielekeza nijikande kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, niweke kidole gumba juu ya ziwa na vidole vingine chini yake, mbali kidogo na chuchu, nisukume kwanza kuelekea kifuani ndipo nibane, wala nisivute chuchu, kwani ningeumia bure. Nilikamulia kwenye kikombe cha chai hadi nikaweza kulala.

Ushauri wa namna hiyo ni wa thamani, lakini nimekuja kuona kwamba kuna kitu kikubwa zaidi ambacho wachache hukitoa, nacho ni habari za makosa yao wenyewe. Mama mwingine alisimulia jinsi alivyorudi kazini akakuta dada wa kazi amemwaga chupa tatu za maziwa aliyokamua, kisa maziwa yalikuwa yamejitenga kwenye friji, mafuta juu na maji chini, naye binti wa watu akadhani yamekatika. Alikiri kwamba alimfokea yule binti kabla ya kutambua kuwa yeye mwenyewe hakuwa amemweleza lolote. Kwa sababu ya aibu yake hiyo, mimi nilimkalisha dada yangu wa kazi jikoni siku tatu kabla ya kurudi ofisini, nikamwonyesha chupa iliyojitenga, tukaizungusha polepole ndani ya bakuli la maji ya moto hadi ikarudi kuwa kitu kimoja. Pia nilimwonya asiyabandike jikoni yakachemka, na kwamba yaliyokaa nje ya friji zaidi ya saa nne, kwa joto letu hili la Dar es Salaam, ayamwage bila kuniuliza.

Humo humo ndimo nilimojifunza kwamba sheria ile ile inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Mkuu wangu alikuwa hajui, na ninakiri kwamba sauti yangu ilitetemeka nilipomwonyesha kifungu.

Si kila kinachogawiwa humo ni chema. Uji wa lishe ulituletea ugomvi wa siku mbili, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tukisaga mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga katika mfuko mmoja. Mwenzetu ambaye ni afisa lishe alieleza kwa subira kwamba soya isiyochemshwa kabla ya kukaushwa huzuia mtoto asifaidi protini, na kwamba karanga huchachisha unga upesi na zinaweza kubeba sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, hivyo ni heri zisagwe kando kidogo kidogo. Aliyembishia sana aliacha kubisha alipokumbushwa mahindi yenye sumukuvu yaliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kesho yake aliandika kwamba amewapa kuku unga wake wote. Wa pili akamwambia haraka kwamba hata kuku hudhurika.

Siwalaumu wanaotoza ada kwa madarasa ya mtandaoni, maana bando linanunuliwa na muda una gharama. Ila mwenye kuuza hawezi kwa urahisi kusimulia siku aliyoharibu.

Juzi mama mgeni aliuliza namna ya kusafirisha maziwa kutoka kazini. Nilikuwa nimeshaandika habari za chupa ya chai na barafu, nikafuta, nikaanza upya na ile jioni nilipoteremka Gongo la Mboto nikiwa na mkoba wangu na mwavuli wangu, na chupa mbili zikaendelea na safari ndani ya daladala.