Asilimia 99 Haikutuambia Kitu: Tulivyompima Mwanangu kwa Mtihani wa Wakubwa

"Anapata zote, mama, sasa unataka nini tena?" Hilo ndilo jibu nililopewa shuleni kila nilipouliza kuhusu hesabu za mwanangu, na ndilo lililonisukuma kutafuta njia nyingine. Tunaishi Marekani, yeye yuko darasa la saba, na kila mwaka majibu ya mtihani wa jimbo yanarudi vile vile: asilimia 99, yaani amewapita watoto 99 kati ya 100 wa darasa lake. Watu wakiiona hiyo 99 wanampongeza, mazungumzo yanakwisha. Mimi ndiye niliyekuwa namwona nyumbani akimaliza kazi ya hesabu kabla sijamaliza kuosha vyombo, kisha anabaki kuchorachora pembeni mwa daftari.

Shida ya hiyo 99 ni kwamba mtihani wa darasa la saba unauliza mambo ya darasa la saba. Mtoto akishajibu yote, hakuna swali lililobaki la kuonyesha uwezo wake unaishia wapi. Chukua mizani ya jikoni inayoishia kilo 5: weka mzigo wa kilo 40, weka wa kilo 90, mshale unagota pale pale. Watoto wawili wenye 99 wanaweza kuachana sana, mmoja akahitaji tu mazoezi magumu kidogo ya darasa lake, mwingine akawa tayari kwa hesabu za miaka miwili au mitatu mbele. Wape mtihani uliotungwa kwa wakubwa, ndipo utajua nani ni nani.

Njia hii ina historia ndefu, na kuijua kulinipa nguvu ya kubishana. Mwaka 1969 Julian Stanley, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, alimpa mvulana wa miaka 13 mtihani wa SAT, ule wanaoufanya vijana wanaomaliza sekondari ili kuingia chuo. Mvulana alifanya vizuri kiasi kwamba mwaka huo huo alianza masomo hapo hapo Johns Hopkins. Stanley akajiuliza wapo wangapi wa namna hiyo ambao hakuna aliyewapima. Mwaka 1971 alianzisha utafiti juu ya vijana wenye kipawa cha hesabu, mwaka uliofuata akawakusanya watoto wa darasa la saba na la nane wa eneo lile na kuwafanyisha SAT. Kutoka hapo kikazaliwa kituo cha vijana wenye vipawa cha Johns Hopkins, CTY, mwaka 1979, na vyuo vingine vikaiga.

Ushauri nilioupokea kabla ya kumpima mwanangu, jamani! Mmoja aliniambia niwaandikie watu wa Chuo Kikuu cha Duke, kwamba wao ndio wanaotafuta watoto wa darasa la saba. Mpango wa Duke ulianza 1980 na ulisifika kweli, lakini umeshafungwa. Mwingine akaniambia nimlipie masomo ya maandalizi kwa miezi kadhaa kwanza "asije akatuaibisha". Hilo nililikataa palepale na bado nalikataa. Nilitaka kujua kichwa cha mtoto kinafika wapi sasa hivi, kabla hajakaririshwa mbinu za mtihani. Mtoto wa miaka 12 azoee tu sura ya maswali na muda, basi. Na shemeji yangu akapiga simu kutoka nyumbani kunionya kwamba namkimbiza mtoto, nimwache acheze. Nilimwelewa nia yake. Ila mtoto anayekaa saa nzima kila siku akisubiri wenzake wafike alipo yeye hachezi, anasubiri tu.

Lakini ushauri ulioniudhi kuliko wote ni wa kungoja mwalimu ampendekeze. Mwanangu alipoanza shule hapa aliwekwa kundi la wanaosaidiwa Kiingereza, kwa sababu nyumbani tunazungumza Kiswahili. Mtoto akishakaa kundi hilo, nani atamfikiria kwa programu ya wenye vipawa? Haya si manung'uniko yangu peke yangu. Wilaya ya shule ya Broward, Florida, ilipoanza mwaka 2005 kuwapima watoto wote wa darasa la pili badala ya kutegemea mapendekezo ya walimu na wazazi, idadi ya watoto weusi, wenye asili ya Kilatino na wa familia maskini walioingia programu ya vipawa iliongezeka sana. Walikuwepo siku zote. Basi mzazi mwenzangu, usingoje. Omba wewe, kwa maandishi.

Sasa niwape mbinu yangu, maana hii naijivunia kweli. Kabla ya kulipa hata senti, nilichukua mtihani wa mazoezi wa SAT. College Board, ambao ndio wenye mtihani huo, wanatoa mazoezi bure, ya kufanyia kwenye kompyuta na ya kuchapisha. Nilichagua ya kuchapisha kwa makusudi, nikaacha nafasi kubwa pembeni, nikampa sehemu ya hesabu peke yake Jumamosi asubuhi baada ya chai. Nikamwambia: usifute kitu, andika kila unachofikiri, na kila swali uliwekee alama. Tiki kama ulishafundishwa. Mduara kama hujawahi kuliona jambo hilo lakini umetafuta njia. Alama ya kuuliza kama umebahatisha.

Tiki hazikunishughulisha. Alama za kuuliza nazo nilizipita haraka, maana maswali mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya manne, na bahati ina sehemu yake. Nilikaa na miduara mpaka usiku. Kulikuwa na swali la aina hii: tiketi 40 zimeuzwa, ya mtu mzima dola 12, ya mtoto dola 7, jumla dola 370, tiketi za watu wazima ni ngapi? Mwanafunzi wa sekondari anaandika milinganyo miwili ya x na y. Mwanangu alikuwa hajawahi kufundishwa milinganyo ya namna hiyo. Pembeni ameandika: tuseme wote ni watoto, ni dola 280. Zimebaki 90. Kila mtoto mmoja nikimgeuza mtu mzima inaongezeka 5. 90 gawanya kwa 5 ni 18. Kisha akahakiki: 18 mara 12 ni 216, 22 mara 7 ni 154, jumla 370. Mistari mitano ya mwandiko wake mbaya, na ndani yake kuna aljebra yote ya swali lile, kaijenga mwenyewe. Nilimwamsha baba yake aje aone.

Baada ya kuona miduara mingi vile tulimsajili SAT yenyewe. Ada ni dola 60 na kitu, na fahamuni kwamba msamaha wa ada wa College Board ni kwa wanafunzi wa darasa la 11 na 12, kwa hiyo kwa mdogo utajilipia, au uulize programu za vyuo kama zina msaada wao. Usajili wa mtoto aliye chini ya miaka 13 una taratibu zake pia. Anzeni mapema. Siku yenyewe alikaa katikati ya vijana wenye ndevu, akafanya kwa saa mbili na dakika 14, akatoka anauliza chakula.

Kwa walio na watoto wadogo zaidi, SAT si mahali pa kuanzia. Kwa darasa la tano na la sita kuna PSAT 8/9, mdogo wake SAT uliotungwa kwa darasa la nane na la tisa, na CTY wametumia mtihani wa SCAT, ambapo mtoto wa darasa la nne hupewa ngazi iliyotungwa kwa darasa la sita hadi la nane. Kanuni ni ile ile, ngazi tu inabadilika. Mtihani ukizidi mno atabahatisha kila swali na hutajifunza kitu.

Majibu: hesabu 650, kusoma na kuandika 480. Kila upande unaanzia 200 na kuishia 800.

Nikaenda shuleni na karatasi ile nikiwa na furaha, na kikao kikaharibika. Msimamizi mmoja alijumlisha, akapata 1130, akasema ni alama za kawaida. Mwingine akasema 650 kati ya 800 inaonyesha mtoto bado ana mapengo mengi. Yaani wanamlinganisha mtoto wa miaka 12 na vijana wa 17 na 18, kisha wanamlaumu kwa kutowapita wote! Nilirudi nyumbani nimechoka, lakini nimeshajua cha kufanya.

Kikao kilichofuata sikuanza na jumla. Nilianza na wastani: vijana waliomaliza sekondari Marekani mwaka 2024 na kufanya SAT walipata wastani wa 505 kwenye hesabu. Mtoto wa darasa la saba mwenye 650 amewaacha wengi wao. Nikasema pia pande hizi mbili zisijumlishwe, kwa sababu ninaomba jambo la hesabu, na Stanley mwenyewe alianza kwa kutazama hesabu peke yake. Na hiyo 480 isomwe kwa haki: mtoto wa miaka 12, Kiingereza lugha yake ya pili, hayuko mbali na wastani wa watu wanaokwenda chuo. Halafu nikaweka mezani zile karatasi zenye miduara.

Mwalimu wa hesabu wa sekondari alikuwa amealikwa, na yeye ndiye aliyegeuza mambo. Alisoma lile swali la tiketi kimya, akamwita mwanangu, akamuuliza: na kama tiketi ya mtoto ingekuwa dola 8, jumla ile ile 370? Mtoto akafikiri kidogo, akasema haiwezekani, kwa sababu zinabaki 50 na kila mmoja anaongeza 4, na huwezi kuuza tiketi nusu. Mwalimu akacheka kwa furaha, akawageukia wenzake. Baada ya hapo mazungumzo yakawa ni lini aanze.

Nilichoomba, na wakakubali, ni utaratibu ambao Stanley aliutumia: pima kwanza, fundisha alichokosa tu, pima tena. Mwanangu hakurushwa darasa. Masomo mengine yote yuko na wenzake wa umri wake, ila hesabu anafanya aljebra. Kabla ya kila sura anapewa jaribio la mwisho wa sura hiyo. Akilipita anaruka, akikwama anafundishwa pale alipokwama. Sura nyingine anazipita asubuhi moja. Mchoro wa milinganyo ya mstari ulimkalisha wiki kadhaa, nami nilifurahi kuliko alivyofurahi yeye, maana kwa mara ya kwanza nilimwona akifuta na kuanza upya, akigombana na swali mpaka chakula kinapoa.

Jambo moja kuhusu kusoma alama: ukikutana na simulizi za watoto waliopata 700 kabla ya miaka 13, angalia ni za mwaka gani. Namna ya kupanga alama za SAT ilirekebishwa mwaka 1995, na mtihani wa sasa umebadilika tena, ni wa kompyuta, na sehemu ya pili ya kila somo inategemea ulivyofanya ya kwanza. Alama ya 1980 na ya leo hazilingani. Niliwaona wazazi wakijitesa bure kwa majedwali ya zamani.

Naulizwa kama atarudia mwaka ujao ili afikie 700. Hatarudia. Tulitaka kujua aanzie wapi, tumejua. Kinachofuata ni jiometri, na mwalimu yule wa sekondari ameshaomba apangiwe darasa lake.