AVM: duka la santuri lililozaa studio

Ukizungumzia filamu za India hapa Malindi, kuanzia Barani hadi Shella, watu hukutajia Bombay. Ya Madras, mji unaoitwa Chennai siku hizi, hayatajwi sana. Na huko ndiko iliko AVM Productions, kampuni ya Kitamil ambayo kila kijana anayeingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni anafaa kuijua historia yake, maana kazi hiyo waliifanya zamani na kwa vifaa vigumu zaidi.

Mwanzilishi wake, A. V. Meiyappan, alizaliwa 1907 katika jamii ya wafanyabiashara wa Kichettiar huko Karaikudi. Duka la baba yake liliuza santuri pamoja na bidhaa nyingine. Meiyappan akaona afadhali atengeneze santuri mwenyewe, akaanzisha Saraswathi Stores mjini Madras. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10, inayozunguka mara 78 kwa dakika, hubeba kama dakika 3 tu. Anayeishi kwa biashara hiyo hana budi kuwa na sikio kali: ajue sauti ipi inabeba na ubeti upi uachwe. Kwa maoni yetu, AVM yote imetoka hapo.

Filamu zake za kwanza, Alli Arjuna na Ratnavali za 1935, zilimtia hasara. Enzi hizo mwigizaji aliimba papo hapo mbele ya kamera, na wapiga ala wamejibanza pembeni wasionekane. Mwigizaji akigeuza kichwa, sauti inafifia. Mpiga ala akikosea, shoti inarudiwa yote na filamu mbichi imekwisha kuliwa. Katika Nandakumar ya 1938 Meiyappan akajaribu njia nyingine: Lalitha Venkataraman akamwimbia mwigizaji ambaye sauti yake haikuridhisha. Hiyo huhesabiwa kuwa mara ya kwanza kwa filamu ya Kitamil kutumia mwimbaji asiyeonekana.

Utaratibu wenyewe haujabadilika sana. Wimbo hurekodiwa kwanza, kisha huchezwa kwa spika kwenye seti, mwigizaji akifuata kwa midomo. Mkanda wa milimita 35 hupita fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, yaani futi 90 kwa dakika. Mota ya kamera au ya mashine inayocheza wimbo ikiyumba kidogo tu, ubeti wa kwanza utakaa sawa na wa tatu utaachana na midomo. Kosa la pili ni mwigizaji kufumbua mdomo bila kutoa sauti. Shingo haikazi wala kifua hakipandi, na mtazamaji anajua anadanganywa. Mwambie aimbe kwa nguvu hata kama sauti yake ni mbovu, kwani haitatumika.

Mwaka 1944 likaja jambo kubwa zaidi. Filamu ya Kikannada ya Harishchandra, iliyotoka 1943, Meiyappan aliitia sauti za Kitamil, nayo inatajwa kuwa filamu ya kwanza ya India kuingizwa sauti za lugha nyingine. Uchaguzi ulikuwa wa busara. Kikannada na Kitamil ni lugha za ukoo mmoja, na kitenzi hukaa mwisho wa sentensi katika zote mbili. Neno zito linaangukia palepale mwigizaji anapoinua mkono.

Kwetu Kiswahili hakina bahati hiyo. Kitamil na Kihindi huweka kitenzi mwisho, sisi katikati, kwa hiyo tafsiri sahihi inaweza kutoa "nitakuua" wakati jicho la mwigizaji bado limetulia. Pindua sentensi: "Wewe na nduguzo wote, nitawaua." Halafu tafuta mahali midomo inapofungana. Herufi m, b na p haziigiziki kwa mdomo uliofumbuka, basi mdomo ukifungwa kwenye picha, tafuta neno lenye mojawapo ya hizo: "baba", "mimi", "pole". Mwigizaji akiwa amegeuka au yuko mbali, usijisumbue na midomo. Tumia nafasi hiyo kumalizia maneno yaliyozidi.

AVM yenyewe ilianzishwa 1945, na studio ikawekwa kwanza Karaikudi. Huko ndiko ilikopigwa Naam Iruvar ya 1947, yenye nyimbo za mshairi Bharati kwa sauti ya D. K. Pattammal, katika mwaka ule ule India ilipopata uhuru. Baadaye studio ikahamia Kodambakkam, Madras.

Pale wakakuza biashara ya hadithi moja kwa lugha nyingi. Vazhkai ya Kitamil (1949), iliyomtambulisha mwigizaji Vyjayanthimala, ikawa Jeevitham kwa Kitelugu (1950) na Bahar kwa Kihindi (1951). Hati imekwisha kupimwa na watazamaji, na ulegevu wa hadithi umeshaonekana, basi gharama ya kubahatisha inapungua. Parasakthi ya 1952, ambayo AVM iliitengeneza kwa ushirika, ilimtambulisha mwigizaji Sivaji Ganesan kwa mazungumzo yaliyoandikwa na M. Karunanidhi. Mwigizaji Kamal Haasan aliingia akiwa mtoto katika Kalathur Kannamma, 1960. Ila inayotuvutia zaidi ni Andha Naal ya 1954, isiyo na wimbo hata mmoja. Kampuni iliyozaliwa na santuri kuthubutu hivyo ni ujasiri wa kweli.

Meiyappan alifariki 1979, wanawe wakaendelea. Kituo cha Doordarshan, televisheni ya serikali ya India, kilikuwa kimefunguliwa Madras 1975, na Sun TV ikaanza 1993. AVM ikaingia kwenye tamthilia za televisheni huku ikiendelea na filamu kubwa kama ile iitwayo Sivaji ya mwigizaji Rajinikanth, 2007.

Kwa anayechukua kazi za namna hiyo na kuziandaa kwa televisheni ya Kenya, mtego uko kwenye kasi. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde, televisheni yetu ni 25. Saa nzima ya filamu ikichezwa kwa 25 huisha kwa dakika 57 na sekunde 36, na sauti hupanda karibu nusu toni. Ukirekodi ukitazama nakala ya 25 kisha ukaibandika sauti hiyo kwenye ya 24, mwisho wa saa umeachwa kwa dakika 2 na sekunde 24. Uliza kasi ya nakala kabla ya kumwita mwigizaji yeyote, kisha linganisha midomo mwanzoni, katikati na mwishoni. Dakika ya kwanza peke yake haitakuonyesha kosa hilo.